Mchanga Mweupe Chini ya Taa

Sura ya Saba

Inspekta Lomayani hakuwa mtu wa kukaa kitini. Asubuhi hiyo alikuwa ameizunguka meza yake mpaka Koplo Sophia akamwomba, kwa heshima zote, aende akazungukie nje maana anamtia kizunguzungu. Faili la kifo cha Ephraimu Kaaya lilikuwa juu ya meza, limefungwa kwa uzi, tayari kwenda kwa mwendesha mashtaka. Mkuu wao wa upelelezi alikuwa ameshalimaliza kichwani mwake. Fundi Abdulrahman alizozana na tajiri, akampiga, tajiri akaangukia kona ya tangi la samaki, fundi akaondoka na jiwe. Kesho asubuhi angesomewa shtaka la mauaji, na kesi ya mauaji haina dhamana. Akishaingia mahabusu kwa kesi ya namna hiyo, wanawe watamwona kupitia nondo mpaka waote ndevu.

Tatizo ni kwamba jiwe lenyewe halikuonekana. Lilikuwa tanzanite kubwa, bado halijakatwa, ambalo marehemu alilinunua Mererani na kulitembeza kwenye mfuko wa shati kama baba anayetembea na picha ya mtoto. Fundi alikamatwa jioni ile ile akishuka kwa miguu kutoka Nkoaranga, na begi lake la vyombo begani. Walimvua mpaka soksi. Wakaenda kupekua chumba chake Ngarenaro, wakachana godoro, wakamwaga unga wa mke wake sakafuni, wasiambulie kitu. Mkuu akasema kalitupa kwenye migomba, atalifuata mambo yakipoa. Lomayani alijibu "ndiyo, afande", lakini ilikuwa ya mdomoni tu. Mtu aliyeua kwa ajili ya jiwe halitupi jiwe.

Alipotoka kwenda selo alimkuta Najat, mke wa fundi, kaunta, ameshika chupa ya chai na bakuli lililofunikwa kwa kitambaa. Tangu mumewe akamatwe alikuwa anakuja kila siku na halii mbele ya askari. Leo alisimama tu, akamwangalia Lomayani usoni.

"Afande, kesho chakula nimpelekee wapi?"

Lomayani akamwambia asubiri kidogo, akashuka selo kwa hatua za mtu anayekimbizwa.

Abdulrahman alikuwa mtu wa Tanga, mpole, ndevu zimeanza mvi. Miaka ya nyuma alifanya kazi idara ya uvuvi huko kwao, mpaka serikali ilipopunguza wafanyakazi naye akapunguzwa. Akapanda Arusha, alikosikia kuna matajiri wapya wa kila aina, wa madini, wa watalii, wa magari, na kila mmoja anataka nyumbani kwake kitu ambacho jirani hana. Ephraimu alitaka bahari. Alitaka kipande cha bahari sebuleni kwake, chenye matumbawe yaliyo hai, ili wazungu wa kampuni yake ya utalii wanaolala pale kabla ya kupanda Mlima Meru wakae kochini waone maajabu. Fundi alimjengea.

"Nieleze tena mlichozozania," Lomayani alisema, akisimama. "Usinieleze kama unamweleza hakimu. Nieleze kama unanifundisha kazi."

Fundi akamweleza. Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa mchanga. Ephraimu alikuwa na rundo la mchanga mweusi wa mto ulio chini ya shamba lake, akasema huo ndio utakaowang'arisha samaki, tena ni wa bure, tena ni wa kwao. Abdulrahman akaweka kiganja cha mchanga huo kwenye sahani, na kiganja cha mchanga mweupe wa Tanga kwenye nyingine, akamwagia siki zote mbili. Mweupe ulitoa povu, kwa sababu ni magamba na matumbawe yaliyosagika, ni chokaa tupu, na maji ya bahari yanaupenda. Mweusi ulikaa kimya. Kisha akapitisha sumaku juu yake, na punje zikairukia.

"Nikamwambia, bwana, huu una chuma. Kajengee banda. Akacheka mpaka akajishika mbavu. Kwa hilo hatukuzozana sana, afande. Mchanga mweupe ukaja kwa magunia, umelowa, haujaoshwa, na vijidudu vyake ndani."

"Na wa pili?"

"Taa. Hapo ndipo alipokasirika."

Taa alizotoa Nairobi kupitia Namanga, alisema, ni za kazi hiyo, mbili za buluu na mbili nyeupe. Zinawashwa asubuhi, zinazimwa jioni, kama jua linavyofanya, kwa kuwa matumbawe nayo yanahitaji usiku wake. Ephraimu aliziona hafifu. Alitaka sebule iwake kama kituo cha mafuta. Siku ile ya mwisho alikuwa amenunua mwenyewe taa ndefu kwenye duka la vifaa mjini, akataka fundi aipachike kwenye nafasi ya tano iliyokuwa wazi. Fundi alikataa. Sauti zilipanda, na mpishi jikoni akasikia maneno ambayo sasa yalikuwa kwenye faili.

"Ulimwambia atajuta," Lomayani alisema.

"Nilimwambia. Mtu akisafirisha vitu vyote hivyo kutoka baharini, halafu aje kuviua kwa taa ya dukani, hajuti?" Fundi akafuta uso kwa kiganja. "Mwanga ukizidi matumbawe yanaungua. Na taa zikiwaka mchana na usiku bila kuzimwa, siku chache tu mchanga wote unavaa utando wa kahawia. Ukiuchokoa, chini ni kweupe. Nilimwonyesha kwa mfano. Hakutaka."

Lomayani, aliyekuwa anatembea ukuta hadi ukuta, akasimama. Akamuuliza kama aliondoka taa zikiwa ngapi. Nne, fundi alisema, na ya tano iko mezani kwenye boksi lake. Akamuuliza kama samaki wenyewe hawachokoi mchanga. Wapo wanaochokoa, juu juu, kutafuta riziki. Hawafiki chini kwenye kioo, ambako mchanga una ukijivu na unanuka yai viza.

"Ukienda kuangalia," fundi aliongeza, "usitie mkono nyuma upande wa kulia. Kuna ua la bahari pale. Linaunguza kuliko upupu, na alama zake hazitoki upesi. Mimi huvaa glavu mpaka begani."

Hapo lazima msomaji aambiwe jambo moja kuhusu Inspekta Lomayani. Ni Mwarusha wa Ngaramtoni, na kwake samaki ni ndugu wa nyoka. Hali samaki, hakai meza moja na anayekula samaki, na siku ya tukio, wakati askari wake wanapekua nyumba ile chumba kwa chumba, tangi lilipigwa tochi kwa nje, basi. Askari wote wa zamu ile walikuwa watu wa huku juu, kila mmoja na mama yake aliyemlea kwa maziwa na nyama. Hakuna aliyekunja shati. Lomayani alilikumbuka hilo akiwa mlangoni mwa selo, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Sophia," aliita akipanda ngazi. "Siku ile nani alitia mkono kwenye yale maji?"

"Mimi nilikuwa likizo, afande." Koplo alichukua funguo za Land Rover bila kuambiwa. "Ila nakujua wewe. Hujatia."

Sophia aliendesha, maana Lomayani akiwa na wasiwasi huendesha kama anafukuza ng'ombe. Walipita Tengeru, wakakata kushoto, wakaanza kupanda kati ya kahawa na migomba, matope yakirukia vioo. Kwenye nyumba ya marehemu, juu kidogo ya hospitali ya Nkoaranga, msiba ulikuwa bado umejaa. Turubai lilifungwa kwenye miti, wanaume wako kwenye mabenchi, na moshi wa masufuria unapanda nyuma ya nyumba. Kesho ndiyo ingekuwa siku ya kuanua matanga, na baada yake kikao cha ukoo.

Elihuruma, mdogo wa marehemu, ndiye aliyewapokea. Alikuwa mkulima wa kahawa wa shamba la jirani, mzee wa kanisa, mtu wa sauti, na tangu siku ya kwanza yeye ndiye aliyekuwa akimwambia kila askari kwamba mwizi wa jiwe ndiye muuaji. Alivaa koti la suti juu ya sweta, vifungo vyote vimefungwa. Kabla ya salamu kuisha akauliza mahakama inaanza saa ngapi kesho, maana angependa kumwona yule Mtanga akipandishwa kizimbani kabla ya kurudi kukaa na wazee. Lomayani akasema wamekuja kuangalia tangi mara ya mwisho. Elihuruma akatema mate pembeni. Akasema waliangalie vizuri, kwa sababu jana ametangaza mbele ya watu wote kwamba kesho matanga yakianuliwa, vijana wataingia na ndoo kulimwaga. Kitu kilichomuua ndugu yake hakitalala tena ndani ya nyumba hii.

Lomayani akaliandika neno "jana" kichwani mwake.

Sebuleni makochi yalikuwa yametolewa. Mikeka ilitandikwa ukuta hadi ukuta, na wanawake wamekaa juu yake wakiongea kwa sauti ya chini. Tangi tu ndilo lililobaki, kwa kuwa halihamishiki, refu kama jeneza na linawaka. Mbele yake, mgongo ukikaribia kioo, mjane alikaa kwenye godoro. Ndeshi alikuwa mama wa makamo, uso mkavu, sweta la sufu limefika mpaka kwenye vidole na khanga mbili kiunoni. Lomayani alimpa pole. Akaitikia "asante, baba", bila kuinua macho.

"Taa hizi hazizimwi?" Lomayani aliuliza wanawake.

Mmoja, shangazi wa marehemu, alimjibu kwa mshangao wa mtu anayeulizwa kama maji yanalowesha. Nyumba ya msiba haiachwi gizani. Tangu jioni ile ya kwanza hakuna taa iliyozimwa humu, ya ndani wala ya nje, na hata wangetaka kuizima ya samaki nani anajua swichi yake? Umeme wenyewe ni wa laini ya hospitali, haukatwi hata mgao ukiwa mkali. Samaki wawili walikufa wakaelea, wakatolewa kwa upawa. Zaidi ya hapo hakuna aliyegusa maji hayo. Wanawake wote wakaitikia kwa vichwa.

Lomayani aliinama chini ya kifuniko chenye taa, akijikaza asivute harufu. Akahesabu. Akahesabu tena. Zilikuwa tano. Ya tano ilikuwa na mwanga wa njano njano, inapepesa, na upande mmoja haukuingia sawasawa kwenye kishikio chake. Mtu aliyeipachika alikuwa hajamaliza kazi. Akamnong'oneza Sophia aende jikoni akaulize kuhusu kigoda, kitu chochote cha kupandia. Sophia alirudi upesi. Kipo kirefu, mguu mmoja umepasuka, ufa bado mpya. Mpishi anasema siku ya tukio alikikuta kimerudishwa nyuma ya mlango, akadhani fundi ndiye aliyekivunja.

"Fundi hakuipachika hii taa," Sophia alisema kwa sauti ya chini. "Kaipachika mwenyewe. Kaanguka."

"Kaanguka. Na jiwe limeruka limekwenda wapi? Mkuu hataniacha nimalize sentensi."

Ndipo alipotazama chini, kwenye mchanga. Fundi alisema kweli tupu. Mchanga wote uliotoka Tanga ukiwa mweupe sasa ulikuwa na utando wa kahawia, kama maziwa yaliyomwagiwa chai, kuanzia kioo cha mbele mpaka cha nyuma. Isipokuwa nyuma, upande wa kulia, mahali pana kama sahani. Hapo palikuwa peupe, peupe kabisa, na michirizi ya kijivu juu yake, mchanga wa chini ulioletwa juu. Pembeni mwa mahali hapo palikuwa na kitu kinene chenye vidole vingi laini, na vidole vya upande mmoja vilikuwa vimejikunja kama vimekanyagwa.

Alitoka nje bila kuaga, Sophia nyuma yake, mpaka kwenye vichanja vya kuanikia kahawa ambako hapakuwa na mtu.

"Fundi yuko selo tangu jioni ile," alisema. "Taa zimewaka tangu jioni ile. Utando umeota juu ya mchanga wote. Pale hapajaota. Kwa hiyo mkono umeingia fundi akiwa tayari kwetu, na si zamani. Jana usiku, au leo alfajiri."

"Kufukia?"

"Kufukua. Siku ile tulifunga geti, tukapekua kila aliyetoka, wanawake walipekuliwa na mwanamke. Jiwe lisingetoka. Likakaa mahali pekee ambapo sisi tulikuwa na kinyaa napo." Akavunja kijiti cha kahawa, akakitupa. "Halafu jana mtu akatangaza tangi linamwagwa. Aliyelificha akalazimika kulitoa. Huyo ana alama mkononi, Sophia. Tajiri angekubaliwa mchanga wake mweusi, leo tusingeona chochote."

Mtu aliyemjia akilini alikuwa mmoja tu, na alikuwa amefunga vifungo vyote vya koti. Lakini huwezi kumvua koti mzee wa kanisa mbele ya ukoo wake kwa sababu ya sahani ya mchanga. Lomayani alizunguka vichanja vile mara kadhaa. Harufu ya nyama na ndizi ikaja na upepo, na mabenchi yakaanza kusogezwa. Chakula kilikuwa tayari.

Aliondoka pale akaenda moja kwa moja kwa shemeji mmoja aliyekuwa ameshika jagi la maji ya moto na beseni, akavichukua mikononi mwake. Wanaume walicheka. Inspekta mzima anawanawisha? Lomayani akajibu kwamba kwao Ngaramtoni aliyekuja kuhani hakai bure. Akaanza na benchi la wazee.

Kunawa mikono msibani ni jambo la taratibu. Mtu hukunja mikono ya shati, huinamia beseni, husugua, hukung'uta, humshukuru aliyemwagia. Lomayani alimwaga maji na kutazama mikono. Aliona makovu ya panga, madoa ya kahawa, saa za bandia, ngozi za wazee. Alipofika kwa Elihuruma alisimamisha jagi. Elihuruma alimtazama. Kisha akafungua koti, akalivua, akalitundika begani mwa jirani yake, akakunja sweta na shati mpaka juu ya viwiko na kunyoosha mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa safi, haina hata mkwaruzo wa paka.

"Mimina, afande," alisema. "Maji yanapoa."

Lomayani alimimina. Matumaini yote aliyokuwa nayo yalishuka chini pamoja na maji yale. Akamaliza benchi, akasimama na beseni lake kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Sophia akamsogelea.

"Afande, mwenye kulimwaga tangi kesho mchana ana haraka gani ya kutia mkono leo? Angengoja tu mchanga ubaki mkavu mbele yake."

Ilikuwa hivyo. Lomayani alikasirika kwa kuwa hakuliona hilo mwenyewe. Aliyefukua ni mtu asiyetaka Elihuruma aone. Ni mtu anayelala karibu na tangi, na ambaye wengine wakisinzia hakuna atakayeshangaa akiwa macho. Lomayani aligeuza macho kwenye mlango wa sebule, na roho ikamuuma kabla hata hajainua mguu.

Aliingia na jagi na beseni. Wanawake walinyamaza, maana mwanamume haingii kunawisha upande huo. Aliwanawisha wote kwa zamu, hakumruka hata mmoja, mpaka akafika kwenye godoro. Akapiga goti. Ndeshi alitoa ncha za vidole tu.

"Sweta litalowa, mama," Lomayani alisema kwa upole.

Ndeshi alimtazama kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hajalala hata lepe. Halafu, polepole, yeye mwenyewe akavuta sweta la mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko. Alama nyekundu zilimzunguka mkono, zimevimba, kama amefungwa kamba ya moto. Lomayani alimwaga maji juu yake pole pole, na Sophia akakaa kwenye mkeka kati yao na wanawake wengine, akawauliza jambo kuhusu watoto, ili sauti zao zifunike.

"Nilimkuta ameshakufa," Ndeshi alisema. Hakunong'ona. Aliongea kama mtu anayesoma. "Kigoda kimelala, yeye amelala. Jiwe liko hapa kwenye mfuko wa shati. Nilijua nikipiga kelele wa kwanza kufika ni Elihuruma, na atatia mkono mfukoni kabla ya kumfunga macho. Nina watoto watatu wa kike, na kikao cha ukoo hakiwapi kitu. Nikalichukua, nikatazama huku na huku, nikalizamisha kwenye ule mchanga. Kigoda nikarudisha, sijui hata kwa nini. Nimezoea kurudisha vitu. Halafu ndiyo nikalia."

"Na fundi?"

"Sikujua watamshika fundi." Akakung'uta vidole juu ya beseni. "Nilisema watamwachia, hana jiwe, watamwachia tu. Mke wake alikuja hapa siku ya pili kunipa pole. Elihuruma akamfukuza kama mbwa, na mimi nimekaa hapa namwangalia, na jiwe liko nyuma ya mgongo wangu kwenye maji. Sikufungua mdomo. Tangu siku hiyo chakula hakinipiti."

Lomayani aliweka jagi chini. Alimwonea huruma mpaka akajichukia, na huruma haikuwa kazi aliyotumwa. Akamwambia ukweli, kwamba kunyamaza vile ni kosa na hatamdanganya. Kwamba taa iliyokaa nusu na kigoda kilichopasuka havitoshi kumtoa mtu selo, kwa sababu shtaka zima limesimama juu ya jiwe lililoibiwa. Jiwe likionekana kwake, hakuna mwizi. Hakuna mwizi, hakuna muuaji.

"Nikikupa, litakwenda kwa nani?"

"Litafungiwa kama kidhibiti. Elihuruma haligusi mpaka hakimu aseme. Fungua mirathi mahakamani mjini, mama, wewe na mabinti zako. Usingoje kikao cha kesho."

"Unaniahidi?"

"Siwezi kukuahidi hakimu atakachosema. Naweza kuandika kwamba ulinipa mwenyewe, bila kulazimishwa."

Ndeshi aliingiza mkono kwenye mkunjo wa khanga ya ndani. Lomayani alisikia tu kitu kikigonga bati la beseni chini ya maji machafu ya mikono ya ukoo mzima. Hakikung'aa. Kilikaa pale chini kama kipande cha chupa.

Alinyanyuka na beseni, akatoka, Sophia nyuma yake na jagi. Alikusudia kulifikisha kwenye Land Rover bila kusimama, kisha amrudie mjane kwa utaratibu, na maelezo yake yaandikwe ofisini mbali na midomo ya watu. Lakini wanaume walikuwa wameshamaliza kula, na Elihuruma alikuwa amenyoosha mikono yenye mafuta.

"Afande, leo umekuwa shemeji yetu. Lete maji hapa."

Hakukuwa na namna ya kumpita. Lomayani aliinamisha beseni, Sophia akammiminia mzee wa kanisa kutoka kwenye jagi, na povu la sabuni likatanda juu ya maji. Elihuruma alisugua kidole kimoja kimoja. Alikuwa anasema kwamba kesho atavaa koti jingine, hili limekaa vibaya mabegani.

Mazungumzo yakazimika kuanzia mabenchi ya nyuma. Lomayani aligeuka. Ndeshi alikuwa amesimama mlangoni, kwenye jua, mahali ambapo mjane hasimami kabla ya kuanuliwa matanga. Shangazi alikuwa anamvuta khanga kutoka ndani. Sweta lilikuwa bado juu ya kiwiko, na alama za mkono wake kila mtu aliziona.

"Mtoeni yule fundi," alisema. "Hakuiba. Jiwe nililichukua mimi mfukoni mwa mume wangu, akiwa bado ana joto."

Elihuruma alinyanyuka nusu, maji yakimtiririka vidoleni.

"Liko wapi?"

Ndeshi alimgeukia shemeji yake.

"Siku zote hizi umeuliza jiwe," alisema. "Hata sasa hivi, mbele ya watu, hujaniuliza kaka yako alikufaje."

Ndeshi akashuka ngazi mbili za baraza, akapita katikati ya mabenchi ya wanaume bila viatu, akaenda kusimama kando ya Land Rover akingoja kufunguliwa mlango.